Namba Saba Yupo

Ndugu wasomaji, kurasa hizi za nyumbani huzungumzia mara nyingi mapishi, usafi na malezi ya watoto. Leo naomba nafasi nizungumzie malezi ya namna nyingine, yaani jinsi sisi watoto tunavyoanza kuwalea wazazi wetu wakishazeeka, na jinsi malezi hayo yanavyoweza kugeuka kifungo. Sisemi haya kwa kumnyoshea mtu kidole. Mkosaji ni mimi mwenyewe.

Baba yangu alitumikia jeshi la polisi mpaka akafikia cheo cha sajini. Nilikulia katika kambi ya polisi ya Nsambya, hapa Kampala. Lugha yetu ya uani ilikuwa Kiswahili, kwa maana jirani wa kulia alikuwa Mwacholi, wa kushoto Mteso, na wa mbele Mgisu. Baba alipostaafu, mama akiwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, nilimleta akae nasi Ntinda. Nilimpa chumba chenye dirisha kubwa, redio, kiti cha kuegemea na blanketi. Nikaona nimetimiza wajibu wa mtoto.

Lakini Baba alikuwa na jambo lake. Tangu mwaka 1996, yeye na wenzake 20, askari polisi, wanajeshi na walimu wachache, walikuwa wakikutana mara moja kila mwaka chini ya mwamba fulani, wakapiga hema, wakalala siku mbili, na alfajiri wakaupanda mwamba huo. Hawakuwa na katiba wala ofisi. Walikuwa na kamba, sufuria na ahadi tu. Walipoanza walikuwa vijana wenye misuli. Sasa aliye mdogo kuliko wote amepita miaka 60.

Mwaka wa kwanza Baba alipokuwa kwangu, daktari alimkuta na shinikizo la damu. Niliogopa sana. Safari ilipokaribia nikavificha viatu vyake vya kupandia juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Alivitafuta siku mbili, kisha akanyamaza. Mwaka wa pili nikasema gari limejaa. Mwaka wa tatu sikuhitaji uongo wowote, maana hakuuliza tena. Wenzake walipopiga simu mimi ndimi niliyepokea, kwa kuwa macho ya Baba yalikuwa yamepungua nguvu na simu yake ilikaa mikononi mwangu. Nilijibu kwa adabu, "Mzee amepumzika," nikakata.

Katika miaka hiyo mitatu Baba hakuugua. Alipungua tu. Alisikiliza taarifa ya habari asubuhi, akaisikiliza tena mchana, na jioni akaniuliza imesema nini. Nikampeleka tena kwa daktari nikitumaini dawa ya kuongeza nguvu. Daktari akapima, akasema shinikizo limetulia, akauliza, "Mzee anafanya nini mchana kutwa?" Nikajibu kwa fahari kwamba hafanyi lolote, tumempumzisha. Daktari akaliweka kalamu lake mezani. "Basi huo ndio ugonjwa wake," akasema. "Atembee. Na kama kuna kilima anachokipenda, apande polepole, asiwe peke yake."

Usiku ule nilipanda juu ya kiti nikavishusha viatu. Ngozi ilikuwa imekauka na vumbi limeingia katika matundu ya kamba. Nikavipaka mafuta, nikaviweka mlangoni mwa chumba chake. Asubuhi nilimkuta amevivaa, amekaa kitandani, anatazama miguu yake. Hakuniuliza vilikuwa wapi. Alisema tu, "Mwanangu, safari ni lini?"

Nikaomba likizo ofisini, nikafuatana naye.

Mwaka huu mwamba uliochaguliwa ulikuwa ule wa Tororo. Aliyewahi kupita barabara ya Jinja kuelekea mpaka wa Malaba anaujua. Umesimama peke yake juu ya mji, kama mita 300, na kilele chake kinakaribia mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wataalamu wa miamba wanatueleza kwamba ni kiini cha volkano iliyokufa zamani sana. Udongo na majivu yaliyokizunguka yakamomonyolewa na mvua, kiini kigumu kikabaki. Tena chokaa inayotengenezewa saruji ya Tororo, ambayo imejenga nyumba nyingi za Uganda tangu miaka ya 1950, inatokana na volkano za namna hiyo hiyo. Mahali ambapo mwamba umesimama wima zimewekwa ngazi za chuma.

Msomaji anaweza kuuliza, mtu mzima anatafuta nini mwambani? Na mimi niliuliza hivyo hivyo ndani ya basi dogo tulilolikodi. Mzee mmoja, aliyekuwa mwanajeshi, akanijibu kwa historia. Akanikumbusha kwamba usiku wa Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu ya Kilimanjaro akisimika bendera na mwenge. Miaka 2 baadaye, Desemba 1963, Kisoi Munyao alisimika bendera ya Kenya juu ya mlima wao. "Na sisi tunao Rwenzori," akaendelea. "Vitabu vinasema kilele cha Margherita, mita 5,109, kilifikiwa mwaka 1906 na Mwitaliano, Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi. Ni kweli. Lakini nani alibeba mizigo ya msafara kupita kwenye matope yale? Watu wa kwetu. Mpagazi naye ni mpanda mlima, ingawa jina lake halikuandikwa." Mwingine akadakia kwamba Mjapani Yuichiro Miura alifika kilele cha Everest mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 80. Basi zima likacheka, wakaanza kumtania Baba kwamba yeye bado ni kijana.

Tulifika Tororo alasiri. Wenyeji walituruhusu kupiga hema katika uwanja wao, nasi tukanunua kuni na maji kwao. Wengine walikuwa wamekwisha kufika kutoka Mbale, Gulu na Soroti. Baba akashuka kwenye basi kwa utaratibu, mkongojo mkononi. Ndipo nilipomwona mzee mmoja wa Soroti akiiachia jerikeni ya maji, akaketi chini hapo hapo penye majani. Alimtazama Baba kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sajini, mbona tuliambiwa umepumzika?"

Ndugu wasomaji, lugha yetu ina adabu nyingi, na adabu hiyo ina hatari zake. Mtu aliyelala amepumzika, na mtu aliyezikwa naye amepumzika. Mzee yule alilichukua neno langu kwa maana ya pili. Alikuwa amewaeleza na wengine, na baadhi yao walikuwa wamesononeka miaka mitatu kwamba familia ya Sajini iliwanyima hata nafasi ya kutupa udongo kaburini. Wachache walikuwa na shaka, lakini nani angethubutu kupiga simu kuuliza kama mtu amekufa? Nilitamani ardhi inimeze. Baba alinitazama mara moja, akaelewa yote, kisha akawaambia, "Mtandao ulikuwa mbaya." Wakacheka, yakaisha. Lakini mimi sikucheka.

Usiku, baada ya posho na maharagwe, tulikaa kuuzunguka moto. Kiongozi wao, mwanajeshi mstaafu, akasimama akasema, "Hesabu namba!" Kumbe tangu mwaka wa kwanza kila mmoja ana namba yake, na namba hiyo hapewi mtu mwingine. Wakaanza kama gwarideni. Moja. Mbili. Namba tatu ilipofika hakuna aliyesema kitu. Wote walinyamaza kwa muda wa pumzi moja, kisha namba nne akaendelea. Nikafahamu kwamba ule ukimya ni wa marehemu. Namba tano kimya. Sita. Halafu pakawa na utulivu mwingine, mfupi kuliko ule wa kwanza, na sauti ya baba yangu ikatoka, nene, ya sajini niliyemjua nilipokuwa mtoto: "Saba!"

Hesabu ilisimama. Mzee wa Soroti alifuta macho kwa kofia yake. Kiongozi akasema, "Namba saba yupo. Endelea." Wakaendelea mpaka 21. Sauti zilikuwa 11, kimya zilikuwa 10. Miaka mitatu nzima mtoto wake wa kumzaa alikuwa amemwandikisha Baba upande wa kimya.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka, watatu watatu, aliye dhaifu kuliko wote akiwa mbele ili mwendo uwe wake. Kanuni yao ni nyepesi: anayeshindwa kuzungumza huku akitembea anakwenda mbio mno. Kwenye mwamba, viungo vitatu vishike, kimoja tu ndicho kihame. Baba alinifundisha hivyo kana kwamba mimi ndiye mgeni wa kulindwa, na kwa hakika ndivyo ilivyokuwa. Mikono yangu ilizoea mafaili.

Tulipofika chini ya ngazi moja ndefu ya chuma, Baba alishika kipago cha kwanza, akakitikisa, akatazama juu. Moyo wangu ulidunda. Hofu yangu ya miaka mitatu ilikuwa juu ya dakika ile, kwamba mzee hatajua mpaka wake, ataona haya mbele ya wenzake, apande, aanguke. Akakiachia kipago. "Mwanangu, hapa ndipo pangu mwaka huu," akasema kwa utulivu. Wazee wawili wakasema hata wao hapo panawatosha. Hakuna aliyewabembeleza, hakuna aliyewacheka. Wakaketi kivulini, wakafungua chupa ya chai, nasi tukapanda.

Juu kuna minara ya mawasiliano na upepo mwingi. Niliuona Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, ukiwa umejifunika wingu. Niliona reli, paa za mji, na upande wa mashariki nchi ya Kenya. Nilitaka kukaa. Lakini kiongozi alikuwa akilitazama wingu la Elgon, siyo mandhari. "Tunashuka," akasema. Nikaomba dakika kumi. "Binti," akajibu, "mwamba hauendi popote. Radi ndiyo inayokuja." Nikakumbuka mwezi wa Juni 2011, jinsi radi ilivyowaua watoto wa shule ya msingi ya Runyanya huko Kiryandongo, nikashika ngazi bila neno.

Kushuka kulinishinda kuliko kupanda, kwa kuwa goti hubeba uzito mkubwa zaidi mtu anapoteremka. Nilipofika kwa Baba miguu yangu ilikuwa ikitetemeka. Alikuwa akituhesabu kwa kidole tulivyokuwa tukishuka, mmoja mmoja. Akanipa mkongojo wake. Nikakataa, akanitazama kwa jicho la zamani, nikaupokea. Hivyo ndivyo tulivyofika kambini, mimi na mkongojo, yeye mikono mitupu na hatua fupi fupi. Mvua na ngurumo zilitukuta tayari tumo ndani ya hema.

Sasa niwaeleze wenye wazee nyumbani yale niliyojifunza. Kwanza, mpeleke mzee kwa daktari kabla ya safari, umwulize daktari anaweza kufanya nini, usimwulize tu anakatazwa nini. Pili, dawa zake azimeze saa zile zile, na kiongozi wa safari ajue anatumia dawa gani. Tatu, maji yanywewe kidogo kidogo kabla ya kiu, na viatu viwe vilivyokwisha kuzoea mguu. Nne, muanze alfajiri, mshuke kabla ya mawingu ya mchana, na mkongojo usikosekane wakati wa kuteremka. Tano, nalo ni kubwa kuliko yote: mzee anapokataliwa jambo, aambiwe sababu usoni pake. Baba angeweza kuubeba ukweli. Alichokibeba badala yake ni kutafuta viatu siku mbili.

Na ninyi mlio kazini, wenye sare, mkumbuke kwamba siku mtakayoikabidhi sare hamtaikabidhi namba yenu pia. Tafuteni mapema watu wa kuwahesabu, na muwajulishe wake, waume na watoto wenu majina ya watu hao, ili simu yao ikilia ipokelewe vema.

Tulipokuwa tukirudi Kampala, karibu na daraja la Jinja, nilimwomba Baba radhi. Alikuwa akitazama Mto Nile kupitia dirishani. Alikaa kimya mpaka tukavuka, kisha akasema, "Viatu ulivipaka mafuta vizuri." Simu yake nimemrudishia. Nimembandikia karatasi yenye herufi kubwa za majina, naye huisoma bila msaada. Viatu vinakaa mlangoni.