Mkono wa Mwelekezi katika Kujenga Taharuki

Huenda umewahi kutazama filamu ukashindwa hata kupepesa macho, kisha ulipoulizwa kisa chake ukakimaliza kwa sentensi moja. Kama kisa kilikuwa chepesi hivyo, ni nini kilichokushika?

Mfano ninaoupenda ni Duel, filamu ya Marekani ya mwaka 1971 iliyoelekezwa na Steven Spielberg akiwa na umri wa miaka 24 tu. Mswada uliandikwa na Richard Matheson kutokana na hadithi yake fupi. Ploti ni nyembamba: David Mann anasafiri kwa gari katika nyika za California, analipita lori kuukuu la mafuta, na dereva wa lori anaanza kumwandama ili amuue. Sababu haitolewi. Tena kuna sauti ya mawazo ya Mann inayotusimulia hofu ambayo tayari tumeiona usoni mwake.

Sasa itazame kazi ya mwelekezi. Kwanza, anatuficha uso wa dereva. Tunaonyeshwa mkono na viatu tu, hivyo lori lenyewe linageuka kuwa mhusika. Pili, Mann anapoingia mkahawani, anawachunguza wateja miguuni, kwa kuwa viatu ndivyo alivyoviona. Kila mteja anakuwa mshukiwa bila yeyote kusema neno. Tatu, kamera inawekwa chini karibu na lami, na mwendo wa magari unaonekana wa kasi ya kutisha.

Hata hivyo, usitekwe ukasahau kupima. Ukiulizwa ueleze sifa za dereva huyo, utaandika "katili" kisha kalamu itasimama. Mwelekezi alizidisha taharuki, lakini dereva alibaki bila historia wala nia. Ndiyo maana nasema kwamba kusisimua ni jambo moja, na kuwa na maudhui mazito ni jambo jingine. Kazi bora huwa na yote mawili.

Haya yanakuhusu vipi wewe unayejiandaa kwa mtihani? Unaposoma tamthilia, mwelekezi ni wewe. Usiyaruke maelezo ya jukwaani. Jiulize: nani ameingia? Nani amenyamaza, na kwa nini? Ningemsimamisha wapi mhusika huyu ili hadhira ishtuke?

Na ukiulizwa kuhusu taharuki, usitosheke kuandika kwamba "kuna taharuki mhusika anapotoweka." Taja swali linaloachwa bila jibu, onyesha jinsi mwandishi anavyolichelewesha jibu hilo, kisha eleza linapojibiwa, au kwamba halijibiwi kabisa. Mtahiniwa anayejibu hivyo humwonyesha mtahini kwamba ameielewa tamthilia, hakukariri tu orodha ya mbinu.