Kabla Uniuzie, Umevunja Ngapi?

Wasee wangu, leo nimekuja kukubali makosa. Mnakumbuka ile video nikiprinti kikanyagio cha nduthi kwa bedsitter yangu hapa Kayole, kile abiria huwekea mguu? Ilienda vizuri sana. Mlinisifu, wengine mkaniita injinia. Kitu sikuwaonyesha ni vile kilivunjika siku ya 9.

Mwenye nduthi ni buda fulani wa steji ya Junction, jirani yangu. Nikimpelekea aliuliza swali moja tu: "Kijana, hii plastiki itabeba mtu?"

"Itabeba, buda. Bonyeza uone vile ni ngumu."

Akabonyeza na kidole gumba, akanipa 200. Hiyo ndiyo ilikuwa test yetu yote. Kidole gumba.

Siku ya 9 mama mmoja akapanda pale Spine Road na trei ya mayai. Akakanyaga, akainua mguu wa pili, kikasema kwa! Akaanguka upande wa barabara. Mat iliyokuwa nyuma ilikuwa imesimama kubeba watu, ndio maana leo naandika kuhusu goti lililochubuka na mayai 30, si kuhusu mazishi. Buda alilipa mayai, akalipa dawa, halafu akaniletea vile vipande viwili vimefungwa kwa gazeti. Hakunipigia kelele. Aliviweka mezani akasema, "Huyo angekuwa mamako." Akaenda.

Usiku huo sikulala. Niliangalia pale palipokatika: palikuwa laini kabisa, kama mkate wa slaisi. Hapo ndipo nikaanza kusoma kile nilifaa kusoma kabla ya kuchukua pesa ya mtu.

Iko hivi. Printa ya 3D inayeyusha uzi wa plastiki na kupanga leya juu ya leya, kama mtu anapanga chapo kwa sahani. Plastiki yenyewe inaweza kuwa ngumu, lakini pale leya moja inashikana na nyingine ndipo udhaifu uko. Kama umewahi kupasua kuni unajua: shoka likifuata mishipa ya mti, kazi ni rahisi, likikata kukingama, utatoa jasho. Mimi nilikuwa nimeprinti kikanyagio kikiwa kimesimama wima, kwa hivyo kila leya ilikuwa kama kislaisi kimoja. Mguu wa mama ulipokandamiza ile ncha, ulikuwa unavuta leya ziachane.

Na si hilo peke yake. Ndani niliweka plastiki asilimia 20 tu, zingine ni nafasi tupu, ndio nisave uzi. Uzi wenyewe ulikuwa PLA, ambayo huanza kulainika ikifika kama nyuzi 60 za joto. Sasa fikiria nduthi imeanikwa juani mchana, na ekzosi iko hapo karibu.

Nikaamua kuvunja vitu kwa makusudi. Niliprinti vijiti 10 vya saizi moja, 5 vikiwa vimelala, 5 vikiwa vimesimama. Nikabana kila kimoja kwa meza, nikaning'iniza mtungi wa lita 20 kwa ncha, nikawa naongeza maji polepole na jagi. Lita moja ni kilo moja, kwa hivyo huhitaji mashine ya mamilioni kujua uzito. Vile vilivyosimama vyote vilikatika kabla mtungi kufika nusu. Vilivyolala, 4 vilibeba mtungi mzima. Cha 5 kilikatika mapema, na hicho ndicho kilinishtua kuliko vyote. Printa ni ile ile, faili ni ile ile. Nikaangalia ndani, nikaona vishimo vidogo: uzi ulikuwa umenyonya unyevu. Ningevunja kimoja tu, na bahati inipatie kizuri, ningewaambia nyinyi wote kwamba kitu yangu ni legit.

Hii si mambo ya kiwanda pekee. Fundi wa mjengo anayejielewa humwaga zege kwa viboksi, anangoja siku 7 na siku 28, halafu vinapelekwa maabara vipondwe. Sisi wa Eastlands tunajua bei ya kuamini macho. Jengo la Huruma lililoanguka Aprili 2016 na kuua karibu watu 50 lilikuwa limesimama wima siku moja kabla.

Na wale wakubwa wa 3D wanafanya vivyo hivyo. General Electric huprinti nozeli ya mafuta ya injini ya ndege ya LEAP, vipande kama 20 vikawa kimoja. Kwa kazi za ndege, ni kawaida kuprinti vijiti vidogo kando ya kipuri, kwa unga ule ule na siku ile ile, vya kuvutwa na mashine hadi vikatike. Kipuri chenyewe hupigwa picha za eksirei kutafuta mashimo ndani. Kuna watu kazi yao yote ni hiyo: kuvunja, kupima, halafu kumwambia mwenye kiwanda "hapana, usiuze hii." Na wanalipwa vizuri kusema hapana.

Hapo ndipo maoni yangu yako. Hapa kwetu story za 3D ziko na moto. AB3D wa Nairobi wameunda printa kutoka kwa taka za elektroniki. Kilifi, 14Trees wameprinti kuta za nyumba za Mvule Gardens. Poa sana, najivunia. Lakini sisi vijana wote tunataka kuwa yule wa kuprinti, kwa sababu hiyo ndiyo inapendeza kwa video. Ni nani anataka kuwa yule wa kuvunja? Kuna mafundi wa Kamukunji na wenye mashine Industrial Area ambao wangependa kipuri cha kuprinti, lakini wanaogopa, na wako na haki kuogopa. Wanachokosa ni mtu wa kuwapa namba ya ukweli: inabeba kilo ngapi, kwa joto gani, kwa muda gani. Hiyo ni kazi. Hiyo ni biashara inangoja mtu.

Nilirudisha 200 ya buda, na pesa ya mayai. Kikanyagio alinunua cha chuma Kirinyaga Road, na mimi ndiye nilimwambia anunue, kwa sababu mahali mguu wa mtu unakaa barabarani bado sina namba za kutosha. Juzi amekuja anataka kishikio cha simu cha kuweka kwa hendo. Nikamwambia kiko tayari.

Hakukibonyeza na kidole. Aliniangalia tu akauliza, "Umevunja ngapi?"

"Sita, buda."

Ndio akatoa pesa.