Injini ya Theluji

Injini yangu ilizaliwa kwa kazi ya theluji. Kwa miaka mingi ilisukuma pikipiki ya theluji, chombo kile chenye mkanda mpana wa mpira nyuma na mabapa mawili ya kuteleza mbele, ambacho vijana wa hapa Minnesota hukipigisha mbio juu ya maziwa yaliyoganda. Nilipoikuta ilikuwa imelala bandani kwa jirani yangu, mzee aliyestaafu ufundi wa mitambo, imefunikwa turubai, na panya wamefanya maskani ndani ya bomba la moshi. Aliniuzia kwa dola 400. Injini iliyoundwa mahsusi kwa ndege ingenigharimu mara nyingi zaidi ya hapo, nami ni mtu wa mshahara wa ghala, mwenye watoto watatu na nusu ya ndege gerejini.

Ndege yenyewe ni mabomba ya alumini, nyaya na kitambaa. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1982, ile iitwayo Sehemu ya 103, inamruhusu mtu kurusha chombo kama hicho bila leseni ya urubani, mradi kiwe na kiti kimoja, kisizidi ratili 254, yaani kilo 115, na kisibebe zaidi ya galoni 5 za petroli. Hairuhusu kupita juu ya makazi ya watu. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara ninasikia ikisema neno moja ambalo halikuandikwa: ukianguka, utaanguka peke yako.

Wala sikuwa nimebuni jambo jipya. Ndege nyepesi za miaka ya 1980 zililelewa na injini za theluji. Huku huku Minnesota, katika mji mdogo wa Crosby, ziliundwa injini za Cuyuna zilizohama kutoka kwenye theluji hadi angani. Na Rotax ya Austria, iliyoingia mikononi mwa Bombardier ya Kanada mwaka 1970, ilitoa injini kwa pikipiki za Ski-Doo kabla ya ndugu zake kuanza kuruka. Yangu sitaitaja jina. Yaliyonipata ni ya mikono yangu.

Kuihamisha si kazi ya spana pekee. Injini ile hutoa nguvu zake karibu na mizunguko 6,500 kwa dakika. Ukiifunga moja kwa moja kwenye rafadha ya mita moja na nusu, ncha zake zitakwenda zaidi ya mita 500 kwa sekunde, ilhali sauti yenyewe huenda kama 340. Utapata kelele nyingi na msukumo haba. Basi tuliondoa klachi yake, tukafunga mikanda na puli mbili za kupunguza mwendo mara mbili na nusu na ushei. Kisha ikaja habari ya kabureta. Hewa ya baridi ni nzito, hivyo injini ya theluji hupewa jeti kubwa ili ipate petroli ya kutosha. Ukiirusha hivyo Julai, inakunywa kupita kiasi na plagi zinalowa. Ukiiwekea jeti ndogo za Julai ukasahau hadi Desemba, joto linapanda na pistoni inaweza kutoboka. Nilijifunza kutazama vipimajoto kuliko ninavyotazama mbele.

Kuna tofauti nyingine ambayo haipimwi kwa spana. Mwendesha pikipiki ya theluji hukaza mafuta, akalegeza, akasimama kunywa kahawa. Rubani huibana injini ileile kwa nguvu zake zote wakati wa kupaa, kisha huitaka iendelee kubeba bila kupumzika. Rotax wenyewe, katika maelekezo ya injini zao za mapigo mawili, wanaonya kwamba injini inaweza kuzima ghafla, na kwamba mtu asiruke mahali ambapo hawezi kutua salama bila injini. Onyo hilo nililijua kabla sijajua kusoma Kiingereza.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa Kigombe, kusini ya Tanga. Mashine ya boti yake nayo ilikuwa ya mapigo mawili. Alichanganya oili na petroli kwa kukadiria kwa jicho, akilitikisa dumu kama mtu anayembembeleza mtoto, na moshi wake wa buluu ndio harufu ya kwanza ya safari niliyoifahamu. Pamoja na mashine hiyo, hakuacha kubeba mlingoti na tanga. Vijana walimcheka. Alifanya hivyo miaka yote, isipokuwa asubuhi moja ya kusi, alipoyaacha pwani ili apate nafasi ya majarife ya mtu mwingine. Mashine ikazima mchana. Yeye na ami yangu walichukuliwa na maji siku mbili, mpaka wavuvi wa Moa walipowaokota. Ami hakurudi tena baharini. Baba alirudi, lakini nilimsikia akimwambia mama kwamba haikuwa mashine iliyomkosea.

Mke wangu, binti wa Pangani, aliniuliza swali moja tu siku tulipoifunga injini: “Baba Salama, ikizima je?” Nikamweleza kwamba ndege yetu ikishuka mita moja husogea mbele kama saba, kwamba sitapita mahali ambapo siwezi kulifikia shamba. Mabawa ndiyo tanga langu, nikamwambia. Aliridhika, au alinyamaza, na kwa miaka ishirini ya ndoa sijajua kuyatofautisha.

Jirani yangu naye alinishauri nifungue krenki nibadilishe sili zake, kwani mpira uliokaa muda mrefu hukauka. Ilikuwa gharama ya dola mia na zaidi, pamoja na siku kadhaa za kazi. Nikazitazama, nikaziona nzima, nikaziacha.

Ilizima jioni ya Agosti, juu ya shamba la soya, kwenye mita 150. Haikukohoa. Joto lilipanda, rafadha ikasimama wima mbele yangu kama mkono wa askari wa barabarani, na nikasikia upepo katika nyaya, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni. Soya ilikuwa inafika kiunoni. Magurudumu yalinasa, ndege ikainamisha pua, nikashuka na goti lililochubuka. Mwenye shamba alikuja na trekta lake, akanipa maji, akahesabu mistari niliyoilaza.

Tulipofungua silinda, pistoni ilikuwa imechanika ubavuni kwa mikwaruzo mirefu. Mzee aliitoa sili, akaikunja kidogo kwa vidole, ikapasuka. Hewa ilikuwa ikipenya hapo, mchanganyiko ukawa mwepesi, moto ukazidi. Hakusema neno. Aliniwekea kile kipande cha mpira kiganjani.

Lakini si jioni hiyo inayonikosesha usingizi. Wiki moja kabla, jua lilikuwa linazama na maji yamekuwa ya shaba, nikakata moja kwa moja juu ya ziwa lenye upana wa kilomita tatu, kwa urefu uleule wa mita 150. Nimepiga hesabu baadaye. Kwa saba kwa moja, ningeweza kuufikia ukingo kutoka kilomita moja ya mwanzo au kilomita moja ya mwisho. Katikati palibaki kilomita nzima isiyo na ufuo, na kwa mwendo wangu ilinichukua sekunde 45 kuivuka. Sili ilikuwa ileile.

Habari za shamba la soya nilimweleza mke wangu usiku huohuo, akanipaka dawa gotini. Tumeagiza sili mpya na pistoni. Habari za ziwa sijamweleza, na yeye husoma kila ninachochapisha hapa.