Walishinda Mbili, Wakapoteza Nane



Ukitaka kujua moyo wa shabiki, mpe chai kisha unyamaze. Mzee wa Gor Mahia ataanza na 1987, mwaka timu yake ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika, na kabla hajafika kwenye filimbi ya mwisho chai itakuwa imepoa. Atakwambia nani alipiga kona, nani alicheza na goti bovu, na yeye mwenyewe aliketi upande gani wa uwanja. Unamcheka, lakini wewe unakumbuka mahubiri ya mwaka gani kwa namna hiyo? Haya, tusonge.

Leo nataka uwasikilize mashabiki wa mbali kidogo. Wako Huntington, mji wa kawaida tu kando ya mto Ohio, katika jimbo la West Virginia, Marekani. Chuo kikuu chao kinaitwa Marshall. Rangi zao ni kijani na nyeupe, na timu zao zinaitwa Thundering Herd, yaani kundi la nyati linalonguruma kama radi. Huenda uliiona filamu yao ya 2006, We Are Marshall. Kama hukuiona, hujapoteza kitu, nitakusimulia. Na nikisema futiboli hapa, sisemi ile yetu. Ni ile ya helmeti na mabega ya kuvaa, mpira umechongoka kama papai na unabebwa mikononi.

Waulize hao watu kuhusu misimu yao mizuri, na hawakosi la kusema. Wazee wataanza na 1947, timu ya mpira wa kikapu iliposhinda ubingwa wa vyuo vidogo kule Kansas City chini ya kocha Cam Henderson, ambaye huyohuyo ndiye alikuwa anafundisha futiboli. Kocha mmoja, timu mbili! Wengine watakupa 1992, ubingwa wa futiboli wa daraja lao, 31 kwa 28, ulioamuliwa kwa teke la sekunde za mwisho. Kisha 1996, Randy Moss akiwa kijana, mechi 15, ushindi 15. Kisha 1999 na Chad Pennington, 13 kwa 13. Vijana wa juzi watakukatiza wakuambie Machi 2018, timu ya kikapu ilipoingia mashindano makubwa ya kitaifa kwa mara ya kwanza tangu 1987 na kuitoa Wichita State 81 kwa 75. Wichita walikuwa wamepangwa nambari nne, hawa nambari 13. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Marshall katika mashindano hayo.

Lakini kaa nao. Usiondoke mapema. Mazungumzo yatazunguka, kisha mtu atautaja msimu wa 1971, na hapo sauti zitashuka.

Mwaka huo timu ya futiboli ilishinda mechi mbili. Ikapoteza nane.

Ili uelewe, rudi nyuma mwaka mmoja. Jumamosi ya tarehe 14 Novemba 1970, Marshall walicheza ugenini North Carolina na East Carolina, wakashindwa 17 kwa 14. Jioni hiyo wakapanda ndege kurudi nyumbani. Kulikuwa na mvua na ukungu. Ndege iligonga miti juu ya kilima, ikaanguka ikiwa imebakisha mwendo mdogo sana kufika uwanja wa ndege wa kwao. Watu wote 75 waliokuwa ndani walikufa. Wachezaji 37. Kocha mkuu Rick Tolley na wasaidizi wake. Wahudumu wa ndege. Pia watu wa mjini waliokuwa wamesafiri kama mashabiki, madaktari na wafanyabiashara, baadhi yao mume na mke, na watoto wao wakabaki yatima usiku mmoja.

Wachezaji sita miili yao haikutambulika. Walizikwa pamoja katika makaburi ya Spring Hill, mahali palipoinuka juu ya chuo.

Baada ya hapo wako waliosema futiboli ifutwe kabisa. Nawaelewa. Ukiwa umezika hivyo, ni rahisi kuona hata filimbi kama matusi. Lakini timu haikufutwa. Akaletwa kocha mpya, Jack Lengyel, kutoka chuo kidogo cha Ohio. Alikuta wachezaji wachache waliokuwa wamebaki nyumbani ile siku kwa sababu ya majeraha au sababu nyingine, ikabidi chuo kiombe ruhusa maalumu ya kuwachezesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wakaongezwa na wengine waliotoka michezo mingine hapo chuoni. Hiyo ndiyo timu iliyoingia uwanjani 1971. Vijana wa miaka 18 dhidi ya wanaume.

Mechi ya kwanza walipigwa 29 kwa 6. Mechi ya pili, tarehe 25 Septemba, ilikuwa nyumbani dhidi ya Xavier. Saa ikaisha wakiwa nyuma, 13 kwa 9, mpira ukiwa umebakiza mchezo mmoja tu. Reggie Oliver akamrushia pasi fupi kijana wa mwaka wa kwanza, Terry Gardner, naye akakimbia nayo hadi mwisho. 15 kwa 13. Watu wakamiminika uwanjani wakilia na kucheka kwa pamoja. Baadaye wakashinda moja tena, 12 kwa 10 na Bowling Green, basi. Nyingine zote walipoteza.

Na usifikiri baada ya hapo mambo yalinyooka kama ushuhuda wa televisheni. Ilichukua mpaka 1984 kabla hawajapata tena msimu wa futiboli ambao ushindi ulizidi kushindwa. Hesabu wewe mwenyewe. Katikati ya huzuni hiyo Mungu aliwapa mahali pa kupumulia, kwa sababu majira ya baridi ya 1971 hadi 1972 timu yao ya kikapu ilishinda mechi 23 na kupoteza nne tu. Mji uliokuwa umezika vijana wake ukapata jumba la kupigia makofi. Nafikiri hilo nalo ni rehema, ingawa hakuna aliyefufuka.

Mimi kinachonishangaza ni hiki: hawa watu wana makombe, lakini wanayaweka makombe na makaburi kwenye hadithi moja. Hawaruki ukurasa. Wakikusimulia Desemba 2001, watakwambia walikuwa nyuma 38 kwa 8 wakati wa mapumziko, wakarudi na kushinda 64 kwa 61 baada ya muda wa ziada mara mbili, wakiongozwa na Byron Leftwich. Halafu watanyamaza kidogo na kukwambia wapinzani walikuwa nani. East Carolina. Watakwambia pia kwamba miezi miwili kabla, Nate Ruffin alikuwa amefariki. Huyu ni mchezaji ambaye jeraha lilimzuia kupanda ile ndege, na mwaka uliofuata akawa mmoja wa viongozi wa kikosi cha wale vijana. Amezikwa Spring Hill, karibu na wenzake sita.

Wana hata mechi waliyoshindwa ambayo wanaipenda kuliko nyingi walizoshinda. Novemba 2002 dhidi ya Akron, Leftwich alivunjika mguu, akarudi uwanjani akicheza hivyohivyo. Akirusha mpira mbele, timu inasonga, yeye hawezi kutembea. Basi wenzake wawili wakubwa wa safu ya mbele wakamwinua na kumbeba hadi mahali pa mchezo unaofuata, wakamweka chini, akarusha tena. Walipoteza 34 kwa 20. Ukisoma Marko 2 Jumapili, ile habari ya wanne waliombeba mtu kwa godoro lake, mkumbuke Leftwich.

Sasa, mpendwa, mbona nimekuchosha na habari za Marekani?

Kwa sababu ya kipindi chetu cha ushuhuda. Unakijua. Kipaza sauti kinapita: huyu amepata kazi, yule viza imetoka, mtoto wa fulani amepita mtihani. Tunapiga vigelegele na tunafanya vyema, Bwana apewe sifa zake. Lakini ukiketi upande ninaoketi mimi, unaziona nyuso. Unamwona baba aliyefunga duka mwezi uliopita akiangalia viatu. Unamwona binti ambaye tumemwombea mtoto miaka saba, anapiga makofi kwa adabu. Hao hawana la kusema kwenye kipindi hicho, kwa sababu msimu wao ni wa mbili kwa nane.

Yuko mama mmoja wetu, sitamtaja, aliyemzika kijana wake. Majuma machache baada ya matanga, mtu mmoja wa maombi alimwambia aondoe picha ya marehemu ukutani, eti inakaribisha roho ya huzuni. Akanipigia simu. "Pasta, niiondoe?" Nikamwambia, "Mama, iache palepale. Ipanguse vumbi."

Najua mstari ambao mtanitumia. Isaya 43:18, kwamba tusiyakumbuke mambo ya kwanza. Ni neno la Mungu, nalikubali lote. Lakini geuza kurasa chache tu, nabii huyohuyo, 46:9, na Mungu anawaagiza watu walewale wayakumbuke mambo ya zamani. Hajajipinga. Kule 43 anawazuia wasidhani kwamba aliishia Bahari ya Shamu na hana jipya. Huku 46 anataka wakumbuke ili wajue wanashughulika na nani. Hakuna mahali anapomwambia mama ajifanye hakuzaa.

Mwingine ataleta Wafilipi 3:13, Paulo akisahau yaliyo nyuma. Naomba usome kuanzia mstari wa 4 uone ni mambo gani anayaweka nyuma. Ukoo wake. Kabila lake. Usomi wake wa Kifarisayo. Bidii yake. Kwa lugha ya leo, hilo ni kabati la makombe! Kuhusu Stefano je, alimsahau? Soma Matendo 22:20. Paulo anaomba, na bado anamtaja Stefano kwa jina mbele za Bwana.

Halafu Waebrania 11. Tunapenda kuihubiri mpaka katikati ya mstari wa 35: falme zilizoshindwa, simba waliofungwa vinywa, wanawake waliorudishiwa wafu wao wakiwa hai. Hapo sauti yetu inapanda, kinanda kinapanda. Lakini mstari haujaisha. Katikati yake, bila hata kufungua sura mpya, mwandishi anawataja wengine, walioteswa wala hawakuokolewa, waliopigwa mawe, waliotembea wamevaa ngozi za kondoo bila kitu. Mwanamke aliyerudishiwa mtoto wake na yule ambaye hakurudishiwa wako kwenye mstari mmoja. Mstari wa 39 unawapa wote jina jema kwa imani yao, bila kuwagawa. Sisi ndio tumekuwa tukiwagawa, hawa mbele na kipaza sauti, wale nyuma na vitambaa vya kufutia macho.

Pale katikati ya chuo cha Marshall kuna chemchemi iliyojengwa kwa shaba, iliyozinduliwa Novemba 1972. Maji yanaruka. Kila tarehe 14 Novemba watu wanakusanyika kuizunguka, majina ya wale 75 yanatajwa, kisha maji yanafungwa. Yanabaki yamefungwa kipindi chote cha baridi, mpaka majira ya kuchipua. Wanafunzi wanaopita hapo leo wengi hata wazazi wao walikuwa hawajazaliwa 1970, lakini wanasimama. Ukiwaza hilo, soma Yoshua 4, mawe 12 ya Yordani, na watoto ambao wangeuliza maana yake.

Basi Jumatano hii, ibada ya katikati ya wiki, saa kumi na mbili jioni, kipaza sauti ni cha watu wa mbili kwa nane. Kama umezika, njoo na jina. Kama una picha, njoo nayo. Kama ni biashara, ndoa, au mtoto ambaye hakufika duniani, njoo useme. Hutaulizwa Mungu alikujibuje, na hakuna atakayekukemea ukilia. Walioshinda mwaka huu pia nawaomba mje, kazi yenu itakuwa kusikiliza, na kubeba pale itakapobidi. Mlio nje, Doha na Minneapolis, tumeni majina kabla ya Jumatano mchana, nitayasoma mwenyewe.

Kina mama wa ukarimu wamesema chai ipo. Na nimemwomba kijana wetu wa kinanda asipige chochote mtu akiwa anaongea.