“Msiba tutauweka ghorofa ya ngapi?”

Saa kumi na robo alfajiri namwamsha binti yangu wa darasa la nne. Saa kumi na moja kasoro tuko kituoni Chanika, gizani. Ndani ya daladala analala begani kwangu mpaka tunapobadilisha gari, halafu analala tena. Shule yake iko Sinza, karibu na ninapofanyia kazi, na hatua chache tu kutoka kwa bibi yake. Jioni safari ni ileile. Kazi za shule anazifanyia kwenye foleni.

Tuliponunua kiwanja mwaka 2014 nilitamba. Mita za mraba 900! Mimi nimekulia Sinza, kwenye viwanja vidogo vilivyopimwa miaka ya 1970, ambako ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Nilitaka wanangu wapate uwanja, migomba na kuku. Wamevipata, Jumapili.

Mwaka huu kaka yangu amekuja na wazo: nyumba ya mama ivunjwe, ijengwe ghorofa, kila mtoto wa mama apate sehemu yake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na msiba tutauweka ghorofa ya ngapi?” Hakuna aliyemjibu.

Nikaenda ofisi ya mipango miji kuulizia. Dada niliyemkuta alinieleza kwa upole kwamba kabla ya kibali wataangalia matumizi ya eneo lenyewe, umbali kutoka mpaka wa jirani, maegesho na majitaka. Akataja pia ujazo mkubwa, wa kati na mdogo. Nyumbani nikamsimulia mume wangu, ambaye ni mwalimu wa historia, akacheka. Kumbe mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1949 ulitumia mgawanyo huohuo: ujazo mdogo Uzunguni, wa kati Uhindini, mkubwa Uswahilini. Mipango mingine ikaja, wa 1968 na wa 1979, na majina ya rangi za watu yakaondoka. Ukubwa wa viwanja ukabaki.

Maneno hayo yamenikaa kichwani. Labda ndiyo maana tulikimbilia Chanika: tulilelewa tukiamini kwamba mwenye heshima ni mwenye nafasi. Lakini sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kila familia ikitaka mita 900, mtoto wa mwisho ataamshwa saa ngapi?

Nilimpeleka mama Magomeni Kota, kwenye maghorofa yaliyofunguliwa mwaka 2022 kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale kwenye nyumba za zamani. Shoga yake mmoja anaishi huko. Mama alikagua jiko, akafungua bomba, akachungulia dirishani. “Umeme ukikatika, lifti inasimama na nani ndani?” Shoga yake akacheka, akatuonyesha uwanja wa chini ambako turubai hufungwa kukiwa na shughuli. Mama hakusema kitu. Njiani ndipo akaniambia kwamba jiko lile ni zuri kuliko lake.

Wazazi wenzangu, sikuhubirii ghorofa. Najua jengo la watu wengi lisilo na mfumo wa maana wa majitaka ni kero kwa mtaa mzima, na ndugu wakigombana hakuna pa kukimbilia. Kaka naye ana haraka mno.

Jumamosi iliyopita tulikaa kikao. Mama ametoa masharti: sakafu ya chini ni yake, kibaraza kibaki, mwembe usikatwe. Mwembe uko palepale fundi alipochora maegesho. Kaka akaguna, akakunja ramani, akasema ataenda kuichora upya. Binti yangu alikuwa ameshatoka nje, anapima kwa hatua kutoka geti la bibi hadi geti la shule. Akarudi anahema: hatua 212.