Kikaratasi cha Kunitachi

Dada zangu wa Dar, semeni kweli: mara ngapi umeambiwa "niko kwenye foleni" na mtu ambaye hata gari hajaliwasha? Mimi nimeambiwa mpaka nikazoea. Ndiyo maana nilipofika Kunitachi, kitongoji kilichopo magharibi ya Tokyo, na kusikia habari za kikaratasi, nilicheka hadi machozi.

Iko hivi. Japani treni ikichelewa, hata kwa dakika chache tu, stesheni wanakupa kikaratasi cha kuthibitisha kwamba kweli imechelewa. Unampelekea bosi, unampelekea mwalimu. Siku hizi unakipata hata kwenye simu. Nikamwambia mume wangu, na wewe utakuwa unaniletea mimi.

Alikuwa kule mwaka na nusu kwa mkataba wa kazi, mimi nikaenda kumtembelea wiki tatu. Kazini kwake ni Shinjuku, dakika 40 hivi kwa treni za laini ya Chuo, zile zenye mstari wa rangi ya chungwa. Zipo za haraka zaidi, ila hizo Kunitachi hazisimami, zinapita kama hazikujui. Hata jina la mji ni la kuazima: uko kati ya Kokubunji na Tachikawa, basi wakachukua herufi moja huku na moja kule, mambo yakaisha.

Kila jioni nilimsubiri stesheni. Reli iko juu hewani, kwenye daraja refu la nguzo, na chini yake kuna maduka, mikate inanukia hadi unasahau diet. Unasikia ngurumo juu ya kichwa, halafu kimya, halafu miguu. Watu wanamwagika kwenye ngazi, wanagusisha kadi getini, hakuna anayemsukuma mwenzake. Nami nachungulia kichwa kimoja kirefu cheusi kati ya vile vyote. Kumpata wala si kazi!

Zamani reli ilipita chini. Asubuhi na jioni treni zilifuatana mno hata vizuizi vya barabarani vikawa havinyanyuki. Wajapani wana jina kabisa la kivuko kisichofunguka. Ndipo reli kutoka Mitaka hadi Tachikawa ikapandishwa juu, kazi iliyokamilika mwaka 2010, na vivuko 18 vikaondoka.

Lakini Kunitachi walikuwa na jengo lao la stesheni la mbao, la mwaka 1926, lenye paa jekundu la pembetatu, nalo lilikaa njiani pa ujenzi. Mwaka 2006 wakalibomoa taratibu, mbao zake wakazitunza. Mwaka 2020 likasimama tena, mbele ya stesheni mpya. Miaka 14, bwana! Treni halina tena, ni mahali pa watu kukaa tu. Hawa ni watu wa kuthamini macho yao: mwaka 2024, kwenye barabara inayoanzia hapo stesheni, ghorofa jipya la orofa 10 lilibomolewa likiwa karibu kukabidhiwa wanunuzi, kwa sababu lilikata mandhari ya mlima Fuji.

Basi jioni moja mwenzangu aliniambia saa 1:20. Ikapita. Ikafika saa 2. Treni zinashuka watu, yeye hayumo, simu hapokei. Alipotokea saa 2:15 nikanyoosha mkono: "Kikaratasi kiko wapi?"

Hakucheka.

"Treni hazikuchelewa, mama. Nilikaa Mitaka, nikawa naziacha zinapita."

Tukaingia kwenye lile jengo la paa jekundu, tukakaa. Kumbe wanataka abaki miaka miwili mingine, na jibu ni Ijumaa. Alikuwa na barua hiyo tangu kabla sijafika. Mpenzi msomaji, miaka miwili haikuniuma kama zile siku tisa alizokaa nayo mfukoni huku mimi namsubiri getini kila jioni na tabasamu langu.

"Nilitaka kwanza ufurahie safari," akasema.

"Nani alikwambia mimi nimekuja kutalii?"

Tulibishana kwa sauti ya chini, maana kule hata ugomvi una adabu. Mimi nina kazi yangu Dar, nina mama anayenitegemea. Yeye ana mkopo wa kiwanja chetu. Tulipotoka tulikuwa tumekubaliana mwaka mmoja, si miwili, na kila siku atanipigia saa 4 usiku ya kwao, saa 10 jioni ya kwetu. Ijumaa akawaambia, wakakubali.

Huu ni mwezi wa tatu tangu nirudi. Jana saa 10 ikapita, kimya. Na dakika mbili, ikaingia picha: kikaratasi, kimeandikwa kwa herufi zao. Saa 10 na dakika 7 akapiga.