Mke wa Orofa ya Tatu

Ziko hadithi za mapenzi ambazo watu wa Ulaya huzijua kama sisi tunavyozijua hadithi za Kalulu: hata asiyezisoma amekwisha kuzisikia. Hadithi ya Jane Eyre ni mojawapo. Aliyeitunga ni Charlotte Brontë, binti wa mchungaji wa Waprotestanti katika kijiji cha Haworth, kaskazini ya Uingereza. Ilitoka mwaka wa 1847, nayo ilitoka kwa jina la kubuni, Currer Bell, maana siku zile kitabu cha mwanamke kilipimwa kwa mizani nyingine.

Mwaka wa 2018 mabibi watatu wa Marekani, Cynthia Hand, Brodi Ashton na Jodi Meadows, waliitwaa hadithi hiyo ya huzuni wakaigeuza kuwa ya kuchekesha. Kitabu chao chaitwa My Plain Jane, ndiyo kusema Jane asiye na urembo. Tumekisoma, na tumecheka hata watu wa nyumbani wakaja kuuliza kuna nini.

Lakini kwanza hadithi yenyewe. Jane ni yatima. Alilelewa kwa manyanyaso, akasomeshwa katika shule yenye njaa na baridi, kisha akaajiriwa kuwa mwalimu wa mtoto mmoja katika nyumba kubwa ya bwana Rochester, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwaka. Jane ana miaka 18. Bwana amemzidi miaka kama 20. Wanapendana. Siku ya arusi, wamekwisha kusimama mbele ya mchungaji, anatokea mwanasheria na kusema: Ndoa hii haiwezekani, bwana huyu ana mke, naye yu hai. Kumbe mke huyo, Bertha, amefungiwa katika orofa ya tatu ya nyumba ile ile, amerukwa na akili, analindwa na mtumishi mmoja. Vicheko vyake vya usiku Jane alikuwa akivisikia, akaambiwa ni vya yule mtumishi.

Sasa hao mabibi watatu wamefanyaje? Wamemtia Charlotte mwenyewe ndani ya hadithi. Ni msichana wa shule, rafiki ya Jane, macho yake hayaoni mbali, na daftari halimtoki mkononi: kila neno analosema Jane analiandika, apate kutunga kitabu. Na Jane ana siri: anaona mizimu. Helen, rafiki yake aliyekufa shuleni, amekuwa mzimu, naye anamfuata mpaka kwa bwana Rochester. Hapo ndipo kicheko kinapokolea. Kila bwana anapotamka neno tamu, Helen anamnong’onezea Jane yale ambayo shangazi yeyote mwenye akili angemwambia: Mtu huyu ni mzee kwako. Mtu huyu ana hasira. Mtu huyu anakuficha jambo.

Twasema kweli, Helen ana haki. Katika kitabu cha zamani bwana Rochester anajivika nguo za bibi kizee mpiga ramli, anajifunika kofia, anawaita wasichana mmoja mmoja awatazamie bahati yao, ili amchunguze Jane moyoni. Bwana mwenye nyumba na mashamba! Wasomaji wengi wameipita sehemu hiyo bila kucheka, kwa sababu waliambiwa kwamba hiki ni kitabu kikubwa cha mapenzi.

Jioni moja tuliisimulia hadithi hii ya zamani mbele ya akina mama kadhaa wa jirani, waliokuwa wakichambua maharage. Tulipofika kwenye arusi iliyovunjwa, tulitazamia wamlilie Jane. Mama mmoja akauliza: “Na yule mke wa kwanza, ni mtoto wa nani?” Tukawaambia: ni binti wa tajiri wa kisiwa cha Jamaica, nchi ambayo watu wa Afrika walipelekwa utumwani kulima miwa, na bwana alipomwoa alipata paundi 30,000.

“Alitoa?”

“La, mama, alipata. Upande wa mwanamke ndio uliotoa.”

Wakacheka mpaka maharage yakamwagika. Bwana aliyelipwa ili aoe, kisha akamfungia mke darini! Na ndugu zake walikuwa wapi? Tukajibu kwamba kaka yake ndiye aliyekuja na mwanasheria kuizuia arusi. “Ahaa,” wakasema, “basi shemeji huyo ni mtu.” Tangu hapo Jane hakuulizwa habari zake tena. Usiku kucha ilikuwa ni Bertha: alikula nini, alitolewa nje lini, ni nani alimpima wazimu wake. Maswali hayo hayana jibu katika kitabu cha 1847, maana Bertha hapewi neno hata moja la kujitetea. Mengi tunayosikia juu yake yasemwa na mumewe. Ilipasa kungoja mwaka wa 1966, ndipo Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, alipoandika Wide Sargasso Sea na kumpa mke huyo kinywa, hata na jina lake la kwanza, Antoinette.

Kitabu cha mabibi watatu kinakwenda njia hiyo hiyo kwa kucheka. Humo Bertha si mwenda wazimu, bali ni mtu mwenye akili anayeona mizimu kama Jane. Na Jane haolewi na bwana Rochester. Hayo twayasifu.

Ila kuna jambo moja ambalo hatukulipenda. Je, bwana Rochester alimtendaje mkewe hivyo? Mabibi wanajibu: hakuwa yeye, aliingiliwa na mzimu wa mtu aliyekufa. Mzimu ukiondolewa, bwana anatakata, anarudi kwa mkewe, na wote wanafurahi. Lo! Maneno hayo tumeyasikia mara ngapi katika mashauri ya ndoa? “Shetani alinipitia.” Mume aliyefukuza mke, mume aliyekula fedha za karo, wote shetani aliwapitia, wala hakuna hata mmoja aliyekuwa nyumbani siku ile. Mzee anayeketi kuamua mashauri hayo angekifunga kitabu hapo.

Charlotte Brontë hakumtafutia mtu wake mzimu, na tunafikiri alikuwa na sababu. Mwaka wa 1842 alikwenda Ubelgiji, mjini Bruxelles, kusoma Kifaransa katika shule ya Bibi Zoë Heger. Baadaye akafundisha humo mpaka siku za kwanza za 1844. Mume wa bibi huyo, Constantin Heger, alikuwa mwalimu wake, naye Charlotte alimpenda. Mwezi wa Septemba 1843, peke yake katika mji mgeni, yeye Mprotestanti aliingia katika kanisa la Sainte-Gudule, akapiga magoti penye kitubio mbele ya padri wa Kikatolika. Aliporudi Uingereza alimwandikia bwana Heger barua za kusihi. Zimebaki 4. Tatu kati yake zilichanwa, kisha vipande vikaunganishwa tena, vingine kwa uzi wa kushonea. Na jamaa ya Heger walisimulia kwamba aliyeviokota na kuvishona ni Bibi Heger mwenyewe. Mwaka wa 1913 watoto wao walizitoa zikawekwa mjini London, ulimwengu ukazisoma.

Basi aliyetunga habari za mke aliyefichwa alikuwa ameishi katika nyumba ya mke asiyefichwa, aliyekuwa akipishana naye kila siku mlangoni. Alijua yamgharimu nini msichana kuondoka. Ndiyo maana, arusi ilipovunjika na bwana alipomsihi Jane abaki naye bila ndoa, Charlotte hakumletea msaidizi wala mzimu wa kumchekesha. Alimwamsha kabla ya mapambazuko na shilingi 20 mfukoni, akampandisha gari la farasi mpaka pale nauli ilipokwisha, na furushi lake akalisahau garini. Siku ya tatu Jane alikuwa mlangoni pa kibanda kimoja, akimwomba mtoto wa kike uji baridi uliokuwa ukipelekwa kwa nguruwe.